Maji Niliyomwaga Kolo

Nilimwaga maji kwenye mchoro wa mwambani huko Kolo, wilayani Kondoa, kisha nikaufuta kwa leso. Hakuna aliyenituma wala aliyenishawishi. Nilitaka picha nzuri ya simu, nikaipata. Gharama yake ni miguu miwili ya mnyama mweupe ambaye waliomchora hawapo tena kumrudishia, na ukungu juu ya michoro myekundu iliyo chini yake.

Naandika haya nikijua kuwa wengi wanaofanya kama nilivyofanya si watu wa vurugu. Mtu anayechukua msumari akachonga jina lake na la mchumba wake kwenye ukuta wa gofu la kale anajua fika kuwa anaharibu. Huyo ana lake la kujibu. Nawazungumzia wengine: walimu, wapiga picha, vikundi vya matembezi vya mwisho wa wiki, wazazi wanaotaka watoto wao waione nchi. Tunakwenda kwa mapenzi. Tunabeba chupa za maji, vitafunwa na simu, tukiamini kuwa mtu anayependa kitu hawezi kukidhuru. Niliamini hivyo hadi nilipoona kwa macho yangu.

Mimi ni mwalimu wa Historia. Yeyote aliyepita kidato cha kwanza hapa Tanzania anaijua Kondoa Irangi kama jibu la mtihani. Swali linakutaka utaje maeneo ya kihistoria, nawe unayataja: Olduvai, Isimila, Engaruka, Kilwa, Kondoa Irangi. Ukiulizwa umuhimu wa Kondoa unaandika kuwa kuna michoro ya mapangoni, unapata alama yako, unaendelea na swali linalofuata. Nililiandika jibu hilo nikiwa mwanafunzi, na nikiwa mwalimu nimelitia vema kwenye karatasi nyingi bila kuwahi kuuona mwamba hata mmoja wa Kondoa. Jambo hilo lilinisumbua. Unafundishaje kitu ambacho hujakiona, ilhali kipo mwendo wa saa chache kwa basi? Barabara ya Dodoma hadi Babati ilipowekwa lami sikuwa tena na kisingizio. Likizo moja tukakubaliana walimu wachache, tukachanga nauli, tukaenda.

Kolo ni kijiji kilicho kando ya barabara hiyo kuu, kaskazini ya mji wa Kondoa. Hapo ndipo ilipo ofisi ya Mambo ya Kale. Unajiandikisha kwenye kitabu, unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji, ndipo unapanda. Michoro imetawanyika kwenye miteremko ya ukingo wa Bonde la Ufa, chini ya mawe makubwa yaliyoegemeana na mengine yaliyochomoza na kuacha kivuli. Tumezoea kusema mapango, nami nitayaita hivyo, ingawa mengi yako wazi upande mmoja na mwanga unaingia. Eneo ambalo UNESCO iliingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006 lina kilomita za mraba 2,336, na ndani yake mna mapango zaidi ya 150 yenye michoro. Takwimu hizo nilikuwa nazifundisha. Nilichokuwa sikijui ni jinsi mchoro wa Kondoa unavyoonekana ukiwa umesimama mbele yake.

Unaonekana kwa shida. Ukitoka juani ukaingia kwenye kivuli cha mwamba, unachokiona kwanza ni jiwe lenye mabaka. Mwongozaji ananyoosha fimbo bila kugusa: yule pale twiga, huyu tembo, wale watu. Watu wa Kolo wamechorwa kwa ngeu, wembamba na warefu kupita kiasi, vichwa vyao vikubwa kwa sababu ya nywele au mapambo. Kuna kundi moja mashuhuri la watu watano, wa katikati akiwa ameshikwa mikono pande zote mbili. Mtafiti Mary Leakey aliona mwanamke anayetekwa. Wengine wameona ngoma ya uganga. Wataalamu wengi wanawahusisha wachoraji wa picha nyekundu na wawindaji wa kale ambao Wasandawe na Wahadza wa leo ni ndugu zao wa karibu. Juu ya nyekundu, mara nyingi, zimepita picha nyeupe, nene, zilizochorwa kwa kidole na watu waliokuja baadaye, wakulima na wafugaji. Ukitazama ipi imekaa juu ya ipi, unaona nani alitangulia na nani alifuata. Kwa mwalimu, hilo ni somo zima kwenye jiwe moja.

Lakini mimi nilikwenda na picha nyingine kichwani. Mwaka 1951 Mary Leakey na mumewe Louis walifanya kazi ya kunakili michoro ya Kondoa, na nakala hizo zikaja kuchapishwa mwaka 1983 kwenye kitabu ambacho Mary alikiita Africa's Vanishing Art. Jina lenyewe lilikuwa linatuambia kuwa sanaa hii inatoweka, nami sikulitilia maanani. Nilichoona kwenye kurasa zilizonakiliwa kutoka kitabu hicho ni mistari safi, iliyotulia, kila mkono mahali pake. Nilipofika kwenye mwamba wenyewe niliona nimepunjwa. Nilihisi kuwa jiwe linanificha kitu ambacho nimesafiri kukichukua.

Tena tulikuwa na haraka. Ziara zetu tunazipanga hivyo: mtu anataka mapango yote ya karibu, chakula cha mchana Kondoa mjini, na gari la kurudi kabla giza halijaingia, kwa hiyo kila pango linapata dakika zake, na ukishapiga picha unahesabu kuwa umelimaliza. Mwongozaji wetu, mtu wa makamo, alitangulia na wenzangu kwenda pango linalofuata, maana mmoja wao alivaa viatu vya mjini na alihitaji kushikwa mkono kwenye mawe. Nikasema nitawafuata. Nikabaki peke yangu.

Wazo la maji sikulibuni. Nilipokuwa chuoni, mhadhiri mmoja tuliyekwenda naye kwenye mwamba mwingine alikunywa maji, akarusha yaliyobaki ukutani, na wanyama wakatokea. Tulimpigia makofi. Zamani hata watafiti waliokuja kunakili michoro ya miambani, hapa Afrika na kwingineko, walikuwa wakiilowesha ili waione; ilikuwa namna ya kufanya kazi. Kwa hiyo kichwani mwangu kulowesha mwamba hakukuwa uharibifu. Ulikuwa ujuzi, jambo ambalo watu wa kawaida hawalijui na mimi nalijua. Nadhani hapo ndipo nilipokuwa hatari zaidi. Asiyejua kitu huuliza. Mimi sikuona haja ya kuuliza, kwa sababu niliwahi kumwona mwenye shahada kubwa akifanya.

Nilipiga picha moja mwamba ukiwa mkavu. Nikamimina maji kutoka kwenye chupa, juu kidogo ya wanyama, yakateremka. Niliona vumbi likishuka nayo, nikatoa leso nikafuta, taratibu, kwa kuzungusha. Nyekundu ikawaka. Twiga ambaye muda mfupi nyuma alikuwa shingo tu akapata mwili na miguu, na nyuma yake akatokea mtu ambaye sikuwa nimemwona kabisa, ameinama. Nilifurahi, sitadanganya. Nilipiga picha haraka haraka, kwa sababu mwamba ulikuwa umeanza kukauka kuanzia kingoni.

Niliposikia hatua za mwongozaji zikirudi nilifunga chupa. Nikaitia kwenye begi. Nikasogea, nikasimama mbele ya sehemu iliyolowa, nikajifanya natazama bonde.

Hayo matatu hakuna aliyenifundisha chuoni. Mtu anayeamini kuwa alichofanya ni halali hafichi chupa. Kwa hiyo nikisema kuwa sikujua, nasema nusu ya ukweli. Sikujua maji yanafanya nini kwenye mwamba. Nilijua kuwa sikuwa nimepewa ruhusa.

Picha ile ilinipatia sifa. Niliichapisha kubwa, nikaifunika plastiki, nikaitundika darasani. Walimu wa shule jirani waliiomba, nikaituma kwenye makundi ya WhatsApp, nao wakaituma kwingine. Wanafunzi walipouliza inakuwaje picha za kitabuni ni hafifu na yangu inang'aa, niliwaeleza, tena kwa fahari. "Ni maji tu," nikawaambia. "Kwani mvua hainyeshi huko?"

Mvua hainyeshi ndani ya pango. Ndiyo maana michoro ipo hadi leo. Ile iliyochorwa kwenye sehemu zinazopigwa na mvua, kama ilikuwepo, imekwisha kupotea zamani. Iliyobaki ni ile iliyokaa pakavu. Hilo ningeweza kulifikiri mwenyewe nikiwa nimesimama pale, jiwe kavu mbele yangu na vumbi kavu miguuni. Sikulifikiri. Nilikuwa natazama skrini.

Baadaye nikawapeleka wanafunzi wa kidato cha pili. Wazazi walichangia, shule ikatafuta basi. Mwongozaji alikuwa yuleyule. Kabla ya kupanda alitusimamisha mtini akataja masharti: msiguse michoro, msiimwagie kitu chochote, msikimbie ndani ya pango kwa sababu vumbi likiruka huenda kukaa kwenye rangi, msiwashe moto maana moshi hupaka masizi, msiandike. Nilishtuka niliposikia lile la kumwagia. Nimejiuliza mara nyingi kama alilisema pia siku ya kwanza. Nadhani alilisema. Nadhani nilikuwa nafunga kamba za viatu, au napiga picha ya kibao cha mlangoni, nikiamini kuwa masharti ni ya watu wengine.

Tulipofika kwenye mwamba wangu, ambao sitautaja kwa kuwa sitaki mtu apande kwenda kutafuta doa, watoto walisimama kimya. Walikuwa wanaitafuta picha ya darasani. Haikuwepo. Lilikuwepo jiwe lenye mabaka. Kisha binti mmoja msikivu, ambaye daftari lake nilikuwa nalitumia kama mfano kwa wengine, akafungua begi, akatoa chupa ya maji, akaniuliza kwa adabu:

"Mwalimu, tuanzie juu au chini?"

Mwongozaji alimfikia kabla yangu. Hakumfokea. Aliweka kiganja juu ya kizibo.

"Nani amekufundisha hivi, mwanangu?"

Binti alinitazama mara moja, kisha akainamisha macho. Hakujibu. Mtoto wa kidato cha pili alikuwa anamsitiri mwalimu wake, na mimi nikamwacha anisitiri. Nafasi ya kusema ilikuwa yangu. Badala yake nilitoa simu, nikajidai natazama saa.

Simu hiyo ndiyo iliyonionyesha. Ndani yake ilikuwemo ile picha ya kwanza, ya mwamba mkavu, ambayo sikuwahi kuifungua tena kwa kuwa haikuwa nzuri. Niliifungua. Juu ya tumbo la twiga kulikuwa na mnyama mweupe, mfupi, mnene, pengine ng'ombe. Alikuwa na miguu minne na mkia. Niliinua macho. Mwambani alikuwa na miguu miwili ya mbele. Ya nyuma haikuwepo, na mkia haukuwepo. Mahali pake palikuwa na mfuto wa duara, na chini ya mfuto michirizi miwili ya rangi ya maji ya chokaa, iliyokatiza miguu ya twiga hadi karibu na sakafu. Nikarudi kwenye simu. Michirizi haikuwemo. Nikautazama mwamba tena. Sehemu yote ilikuwa na ukungu mweupe, mwembamba, unaouona ukisogeza kichwa pembeni, na ukungu huo ulikuwa na umbo: mpana juu, mwembamba ukishuka, ukagawanyika mara mbili penye kinundu cha jiwe. Umbo lile nililijua. Lilikuwa ukutani darasani kwangu. Maji yangu yalipita palepale.

Na mfuto ulikuwa wa duara. Nilikuwa nimefuta kwa kuzungusha.

Kabla ya hapo ningeweza kubishana. Ningesema wageni ni wengi, wengine walipita kabla yangu na wengine baada, huwezi kujua nani kafanya nini. Ni kweli wengine walipita. Lakini nilikuwa nimeshika mkononi ushahidi nilioupiga mwenyewe, wa kabla, na ule wa wakati wa tendo, na mbele yangu ulikuwepo wa baada.

"Mzee, ni mimi niliyemfundisha," nikasema. "Na hili hapa ni mimi."

Mwongozaji hakushangaa.

"Siku ile jiwe lilikuwa bichi, Mwalimu. Niliona. Nilijua ni mmoja wenu, sikujua ni yupi. Nikaandika kuwa ni kikundi cha walimu."

Kumbe wenzangu, pamoja na yule mwenye viatu vya mjini, waliandikwa kwa kosa ambalo hawakulijua, na kwa muda wote huo nilikuwa nakula nao meza moja kwenye chumba cha walimu.

Aliniambia niwaeleze wanafunzi, naye akatoka akakaa kwenye jiwe la nje. Niliwaeleza. Niliwaonyesha picha mbili na mwamba. Niliwaambia kuwa niliwafundisha vibaya na kuwa mwenzao hana kosa. Mvulana mmoja aliuliza kama rangi inaweza kurudishwa. Nikamjibu haiwezi, ukipaka nyingine, hiyo itakuwa yako. Mwingine akauliza kama nitafungwa. Mwongozaji ndiye aliyejibu kutoka nje, kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ipo, kuharibu ni kosa, na kwamba hilo ni la ofisi, watoto wasilibebe.

Kisha akafanya jambo ambalo mimi, mwalimu kwa taaluma, halikuwahi kunijia. Aliwaketisha wote chini wakiutazama ukuta, migongo ikielekea mwanga, akawataka wasiseme neno. Mwanzoni walicheka chini chini. Baadaye wakatulia. Jicho lililotoka kwenye jua la Kondoa linahitaji muda kuzoea kivuli, na pale Kolo hakuna aliyewahi kutupa muda huo kwa sababu ratiba ilikuwa mikononi mwetu. Mmoja akanyoosha kidole: shingo. Mwingine akaona pembe. Wakaanza kuonyeshana, yule amemwona mtu mwenye upinde, huyu anabisha kuwa ni fimbo. Yule binti mwenye chupa akamwona mtu aliyeinama nyuma ya twiga, yule niliyedhani maji ndiyo yaliyomtoa. Alikuwepo muda wote. Mimi nilisimama mbele yake kwa muda usiotosha hata kikombe cha chai kupoa, nikaamua kuwa haonekani.

Tangu siku hiyo nimewasumbua kwa maswali watu wanaofanya kazi ya uhifadhi, na maelezo yao hayahitaji elimu kubwa. Nyekundu inatokana na madini ya chuma. Chembe zake ni ndogo mno na hushika mwambani kwa nguvu. Nyeupe ni ya ungaunga, imekaa juu juu, na kitambaa chenye maji kinaiondoa mara moja. Lakini hata nyekundu haiko salama. Jiwe lina vinyweleo, na ndani yake mna chumvi. Maji yakiingia huziyeyusha, na yanapokauka huzileta juu, zikaganda. Chembe hizo zikikua huisukuma rangi kutoka chini hadi inabanduka, na zinazobaki juu ndizo ule ukungu niliouona. Ukungu ukishatanda, anayekuja baada yako haoni vizuri, kwa hiyo naye anamwaga maji, na yeye anamwaga mengi zaidi. Mchoro unaotembelewa sana unaweza kufifia kwa juhudi za watu wote hao kutaka kuuona.

Linaloniuma ni kwamba hata picha yenyewe haikuhitaji tone la maji. Ipo programu iitwayo DStretch, iliyoandikwa na Mmarekani Jon Harman, inayofanya kazi ndani ya programu nyingine ya picha iitwayo ImageJ. Unaipa picha ya mwamba mkavu, nayo inazitenganisha rangi ambazo jicho linaziona zimefanana. Mbinu yenyewe ilitokana na kazi ya kuchambua picha za dunia zinazopigwa kutoka juu. Niliijaribu kwa ile picha mbaya, ya kwanza. Miguu yote minne ilitokea, mkia ukatokea, na pembeni ya mnyama mweupe ikajitokeza mistari myekundu ambayo sikuiona hata baada ya kulowesha. Sijui picha nyingine yoyote inayoionyesha miguu hiyo. Niliipeleka Kolo pamoja na ile ya pili, na maelezo ya nilichofanya yenye jina langu, ili kikundi cha walimu kiondolewe lawama.

Kuna hoja niliyojitetea nayo kwa muda, na naiweka hapa kwa sababu nimeisikia kwa wengine pia. Mungomi wa Kolo ni mahali ambapo wazee wa Kirangi wameendelea kufanya matambiko ya kuomba mvua na ya uponyaji, na katika matambiko hayo pombe ya nafaka imekuwa ikirushwa mwambani. Basi nikajiambia, kama pombe hurushwa, maji yangu yana nini? Hoja hiyo haisimami. Wazee wale wana wakati wao, wana sababu, na wana watu wanaowajibika kwao. Mahali pale palikuwa pao kabla ofisi haijakuwepo, na namna ya kuulinda mchoro bila kuivunja ibada ni mazungumzo yao na wahifadhi. Mimi nilikuwa mgeni mwenye simu. Kuazima desturi ya watu ili nifunike uzembe wangu lilikuwa kosa jingine.

Darasani kuna mada moja iliyobadilika kwangu kabisa. Nyayo za Laetoli, za miaka ipatayo milioni 3.6, zilifukuliwa na timu ya Mary Leakey mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha zikafukiwa tena ili zisiharibike. Mbegu za migunga zilizokuwa kwenye udongo wa kufukia zikaota, mizizi ikaanza kuzitishia, na katikati ya miaka ya 1990 wataalamu wa Mambo ya Kale wa Tanzania na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty wakazifunua, wakaishughulikia mizizi, wakazifukia upya kwa uangalifu na kuweka mawe juu. Wanafunzi hunung'unika wakisikia hivyo. Sasa zina faida gani kama hazionekani? Zamani nilikuwa nanung'unika nao na kupita haraka. Siku hizi swali hilo tunalikalia kipindi kizima, na huwa nawasimulia habari ya leso.

Gharama nyingine ni hizi. Kidato kilichofuata hakikwenda ziara, kwa sababu uongozi wa shule uliona si busara kunikabidhi watoto mapema hivyo. Klabu ya Historia ikapewa mwalimu mwingine. Ulikuwa uamuzi wa haki. Mwenzangu mmoja wa safari ile ya kwanza alikaa muda mrefu bila kunisemesha alipojua kuwa aliandikwa pamoja nami. Sikupelekwa mahakamani, nilionywa. Yule binti alinifuata siku moja baada ya kipindi akauliza kama alikosea. Nikamwambia hapana, alimwamini mwalimu wake. Mnyama ana miguu miwili.

Picha ya darasani nimeishusha. Kwenye makundi nilikoituma niliandika kuwa ilipigwa kwa kuharibu mwamba, nikawaomba watu waifute. Baadhi wakaifuta. Wengine walinijibu kuwa nalikuza jambo: "Ni maji tu, Mwalimu." Hayo ni maneno yangu mwenyewe, niliyowafundisha. Hivi karibuni nimeletewa picha hiyo na mtu nisiyemjua, haina jina la mpigaji, imeandikwa maneno ya kuhamasisha utalii wa ndani. Nikamweleza historia yake. Akaniuliza ni mwamba upi, ili naye akapige yake.

Ukiipokea utaitambua. Ina twiga mwekundu anayeng'aa kupita kawaida, mtu aliyeinama nyuma yake, na chini upande wa kushoto jiwe linametameta kwa sababu bado lilikuwa linachuruzika. Usiisambaze. Ifute, na umwambie aliyekutumia kwa nini umeifuta.